Namba Iliyo Chini ya Namba

Vijana wa karakana wameniomba niandike safari yangu ya mafanikio. Nimewaambia safari nitaiandika, mafanikio watayatafuta wenyewe. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, faili limo kwenye kabati, na ufunguo wa kabati niliukabidhi mwezi uliopita pamoja na funguo zote za karakana ya hadubini. Mimi nitasema habari za vioo, za mwanga, na za mama mmoja muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, ambaye nusura nimuue huku nikiwa na hakika kwamba ninamwokoa.

Nilizaliwa Tanzania, upande wa Karagwe, kwa wazazi wakimbizi. Huko ndiko nilikosoma mpaka chuo kikuu, fizikia, na ndani ya fizikia nikapenda mwanga. Ndiyo maana hadi leo watu wa Gisenyi wanakicheka Kiswahili changu. Wanasema ninaongea kama redio. Niliporudi nchi ya wazazi nilipewa kufundisha sekondari, darasa lenye madirisha yanayotazama Ziwa Kivu. Wanafunzi walitazama ziwa, mimi nilitazama ubao, na hakuna aliyemsumbua mwenzake.

Hadubini yangu ya kwanza ililetwa ndani ya gunia la viazi. Mwalimu wa biolojia aliiweka mezani akasema imekufa. Nikaifungua kwa bisibisi niliyoazima kwa fundi saa, nikaiona lenzi imejaa nyuzi nyembamba, zimetambaa kutoka ukingoni hadi katikati. Ukungu. Unyevu wa ziwa unaingia ndani ya chuma, vimelea vinaota juu ya kioo, na vikikaa sana vinakula hata ule utando wa lenzi. Nilisafisha kwa pamba na spiriti siku tatu. Kisha nikatengeneza sanduku la mbao lenye balbu ndogo inayowaka mchana kutwa ili ndani kukae pakavu, na lile sanduku bado lipo, msilitupe. Vifaa vyangu vingine vilikuwa kibano, brashi laini, na kile kipira cha kusafishia masikio ya watoto, ambacho hupuliza vumbi kuliko kifaa chochote cha bei. Msipulize lenzi kwa mdomo. Mate ni mbegu ya ukungu, na mtaivuna msimu wa mvua.

Habari zikaenea kwamba kuna mwalimu anayefufua hadubini, na hospitali ikaniita. Huko nilimkuta Madamu Spesiyoza, mkuu wa maabara. Alikuwa mwanamke mfupi, mtoto wa wavuvi, aliyesomea kazi yake ng'ambo ya mpaka, Goma, na hakuwa na subira na mtu yeyote mwenye shahada. Nilimwambia nimekuja kutengeneza. Akanivutia kiti mbele ya hadubini yake kuukuu.

"Bon. We ni fundi. Kaa, angalia kwanza. Unaona nini?"

Nikatazama. "Naona lenzi ina ukungu, Madamu."

"Mi nakuuliza juu ya mutu, we unanijibu juu ya lenzi. Ile ni makohozi ya mutu. Angalia tena."

Nilikaa pale asubuhi nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza, na sikugusa bisibisi hata mara moja. Alinifundisha kusoma kioo, kile kipande chembamba kinachopakwa makohozi, kwa mistari, kama mtu anayepalilia shamba, bila kuruka. Alinifundisha pia sheria ya maabara yake: kila kioo kinasomwa na watu wawili, na wa kwanza hamwambii wa pili alichokiona. "Macho ikisikia kwanza," alisema, "haioni tena." Lenzi niliisafisha kesho yake. Hakunishukuru. Alisema tu kwamba sasa anaona vibaya zaidi, kwa sababu anajua alichokuwa hakioni.

Kwa miaka kadhaa niligawanya siku zangu kati ya darasa na maabara ile, hadi darasa likashindwa nikaacha kufundisha. Nilikuwa nimepata wazo langu kubwa. Vijidudu vya kifua kikuu vikipakwa rangi fulani ya manjano na kumulikwa kwa mwanga wa buluu, vinang'aa vyenyewe kwenye giza. Ulaya walijua hivyo zamani, lakini mashine zao zilitumia taa kubwa zinazochemka, zinazokufa kila umeme ukikatika, na umeme wetu wa siku zile ulikatika kama mtu anayekohoa. Nikajiuliza: kwa nini tusitumie taa ndogo ya LED? Nilitumia kipande cha bomba la antena ya televisheni, chujio la rangi ya chungwa nililolisugua mwenyewe, na betri ya pikipiki. Majaribio yalishindwa kwa miaka miwili na nusu, na siwezi kuwaeleza hasira niliyokuwa nayo. Kisha asubuhi moja nikaona vijiti vya manjano juu ya weusi, kama punje za mchele kwenye kitambaa cha msiba. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Spesiyoza alitazama muda mrefu. "Iko muzuri," akasema. Halafu akaongeza, "Inaona mingi. Sijui kama inaona mutu."

Niliona ni wivu. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na mtu wa umri huo akisifiwa nusu anasikia ametukanwa.

Ikapangwa tume ije kutoka Kigali kuamua kama taa yangu ifungwe kwenye vituo vya afya vya Kanama, Nyakiriba na kwingineko milimani. Ndipo alipofika Odeta.

Odeta alikuwa anauza sambaza pale mitumbwi inapotia nanga alfajiri. Alikuwa amejifungua mtoto wa tatu miezi miwili nyuma, na alikuwa anakohoa. Alileta makohozi mara mbili, kama ilivyo desturi. Kioo cha kwanza, taa yangu ilionyesha vijidudu vichache, lakini vipo, vinang'aa bila aibu. Spesiyoza alikisoma kwenye hadubini ya zamani akaandika: hakuna. Kioo cha pili, sote wawili: hakuna. Daktari, ambaye alikuwa amesikia sifa za mashine mpya, na mimi ndiye niliyezieneza, akaiamini mashine. Odeta akaanzishiwa vidonge siku hiyohiyo. Kabla wiki haijaisha nafasi yake ya kuuzia ilikuwa na mtu mwingine, na mama mkwe alikuwa amemchukua mtoto mchanga akaenda kumnywesha maziwa ya ng'ombe.

Siku ya tisa ya vidonge, zikiwa zimebaki siku mbili tume ije, Spesiyoza alinisimamisha mlangoni.

"Huyu mama haiko na kifua kikuu."

"Madamu, kioo kinaonyesha."

"Kioo. Mi niko na kioo, we uko na kioo, lakini mama iko na miguu. Umeangalia miguu yake? Imevimba mpaka kandambili inaacha alama."

"Miguu si kazi ya maabara," nikamjibu. Niliyasema hayo mbele ya wasaidizi wawili, kwa ile sauti yangu ya redio. Madamu aliingia ndani akavaa koti lake akaanza kupaka vioo rangi.

Nikaamua kumaliza ubishi. Ningekipiga picha kile kioo cha kwanza, niionyeshe tume, na Madamu aione ikiwa imetundikwa ukutani. Nilikitoa kwenye sanduku la kumbukumbu nikakiweka chini ya hadubini. Sasa, ninyi mnajua kwamba kioo kina upande mmoja uliokwaruzwa kidogo ili mtu aandike namba ya mgonjwa. Siku zile tuliandika kwa penseli. Huwa naanza kulenga lenzi kutoka upande huo, kwa taa iliyoinamishwa pembeni, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha mikwaruzo. Nikaiona namba ya Odeta, arobaini na moja, nyeusi, mwandiko wa Spesiyoza. Na chini yake nikaona namba nyingine.

Ilikuwa hafifu. Chembe za penseli zilikuwa zimebaki kwenye vishimo vya kioo, kijivu, pale ambapo jicho tupu lisingeona kitu. Moja na saba. Kumi na saba.

Kioo kile kilikuwa kimeshatumika. Na nilijua nani alikiosha.

Wiki chache nyuma nilikuwa nimemwomba Spesiyoza vioo vya zamani vya kurekebishia taa, vile vilivyosomwa "hakuna" na vilivyokuwa vikisubiri kuchomwa. Nilipomaliza navyo ilikuwa Jumamosi ya umuganda, siku ya mji mzima kufanya usafi pamoja. Tulikuwa tumetoka kufyeka na kufagia tangu asubuhi, mji mzima unanukia majani, kila mtu ana mzuka wa usafi. Na mimi nikaona haya kutupa vioo vizuri wakati sanduku la vioo vipya limebaki na vichache. Nikaviosha kwa sabuni, nikavipitisha kwenye spiriti, nikavisugua hadi nikajiona sura, nikavipanga ndani ya sanduku la vipya. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo dogo la mtu mwema. Kwa mtu wa mwanga, kioo safi ni kile kinachopitisha mwanga. Mhudumu wa maabara wa mwezi wa kwanza angejua kwamba kijidudu hakiondoki kwa sabuni na kusugua, kwamba kinang'ang'ania kioo na kuja kupakwa rangi pamoja na makohozi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo taa yangu haikudanganya. Vijidudu vilikuwepo. Ila havikuwa vya Odeta.

Nawaandikia haya ninyi vijana kwa hiyo nitasema na kilichofuata, ingawa nimekaa nacho miaka yote hii bila kukisema chote. Nilikitoa kioo nikakishika kwa vidole viwili juu ya ndoo ya taka. Vioo huvunjika kila siku. Hakuna ambaye angeuliza. Tume ingekuja, ingeona taa inafanya kazi, na kweli inafanya kazi. Nilijiambia kwamba vidonge havimdhuru mtu sana. Nilijiambia vituo vya milimani vinaihitaji taa, watu wangapi wataokolewa, na mambo mengine mazuri ambayo mwoga hujiambia. Sikukivunja. Lakini sikukipeleka kokote. Nilikitia mfukoni mwa shati, nikatoka kwenda kula.

Sikula. Nilizunguka ua wa hospitali nikarudi kwenye ukumbi wa nje, na pale kwenye benchi alikuwa amekaa Odeta akisubiri vidonge vya siku. Alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, anavuta pumzi fupifupi.

"Dogiteri," akaniita.

"Mimi si daktari, mama."

"Lakini ile mashine ni yako. Ndiyo iliniona." Akapumzika kidogo. "Mi nakunywa dawa yote, siachi hata moja. Lakini silali. Nikilala naona kama maji iko inapanda hapa." Akaweka kiganja kwenye koo. "Nakaa tu hivi mpaka asubuhi. Ni dawa inafanya vile?"

"Tangu lini?"

"Tangu nilizaa mutoto."

Nilitazama miguu yake. Ngozi ilikuwa imekazika, inang'aa, na mkanda wa kandambili ulikuwa umezama ndani ya nyama. Nilikuwa nimepita mbele ya miguu ile siku tisa. Sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka nilikimbia, na mtu wa fizikia hakimbii ovyo.

Spesiyoza alikuwa peke yake, anakunywa chai. Nikaweka kioo mezani, nikamwambia aangalie namba chini ya mwanga wa pembeni. Akaangalia. Nikamwambia, "Nilikiosha mimi. Siku ya umuganda. Hiki na vingine, sijui ni vipi."

Akauliza, "We umeona hii saa ngapi?"

"Saa sita."

Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Na huyu mama alikuwa kwenye benchi," akasema. Laiti angenitukana. Alisimama akatoka na chai yake ikabaki inatoa mvuke.

Daktari alimsikiliza Odeta kifua kwa muda mfupi sana, na nikaona uso wake unabadilika. Moyo. Kuna wanawake ambao moyo huchoka baada ya kujifungua, damu haisukumwi vizuri, maji yanajaa mapafuni na miguuni, na wanakohoa, naam, wanakohoa kama mtu wa kifua kikuu. Angeendelea na vidonge vyetu wiki mbili nyingine, tungemzika tukiwa na picha nzuri ukutani. Vidonge vilisimamishwa, gari likaitwa limpeleke Kigali.

Wakati wanamlaza kwenye machela, nusu amekaa kwa sababu hakuweza kulala, nilimfuata. Niliona anastahili kusikia kutoka kwangu, si kwa watu. Nikamwambia kwamba ugonjwa ule haukuwa wake, kwamba nilikosea, kwamba vijidudu vile vilikuwa vya mtu mwingine. Nilitegemea alie au anilaani, vyote viwili ningevipokea. Alinikazia macho huku anatafuta pumzi.

"Kama si yangu, ni ya nani?" akauliza. "Huyo mutu anajua?"

Wakafunga mlango wa gari. Niwatoe wasiwasi: Odeta alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, anatembea kwa miguu yake, na alipigania nafasi yake ya sambaza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtoto alimrudia pia. Kwangu hakuja kunishukuru na hakuja kunilaumu, ila kwa miaka mingi kila nikinunua kwake alinipimia samaki wachache kuliko wengine, na mimi nilinyamaza.

Tume ilipokuja niliwaeleza kila kitu na kuwaonyesha namba mbili. Mwenyekiti aliandika muda mrefu. Taa ikaahirishwa, na ilipokubaliwa nywele zangu zilikuwa zimeshaanza mvi. Baada ya hapo nilitengeneza hadubini nyingine nyingi, ile inayobebwa mgongoni, ile inayotumia jua, na ile ya mwisho inayoona ndani ya chembe hai bila kuiua, ambayo wageni walikuja kuipiga picha. Hizo mnazo karakana, mnazijua kuliko mimi. Ninyi mnaonung'unika kwa nini mnachonga namba kwa kalamu ya almasi hadi meno yanauma, na kwa nini kila kioo kikishasomwa kinavunjwa mbele ya mtu wa pili, sasa mmejua. Sanduku zima nililolijaza siku ile tulilivunja, mimi na Spesiyoza, na wote waliopimwa kwa vioo vyake tukawaita upya.

Lakini nimelikimbia swali la Odeta, na siwezi kulikimbia hadi mwisho.

Alasiri ileile, gari lilipoondoka, Spesiyoza alifungua daftari. Namba kumi na saba: Anastazi, mkulima, Kanama. Makohozi yamesomwa, hakuna. Msomaji: Spesiyoza. Tarehe ilikuwa ya kabla sijasafisha ile lenzi mara ya pili, wakati ukungu wa msimu wa mvua ulikuwa umerudi na mimi nimeshughulika na taa yangu. Alikuwa amemsoma mtu mzima kupitia utando wa buibui. Alilifunga daftari, akachukua mwavuli.

"Tunaenda," akasema.

Kutoka barabara kuu tulipanda mlima kwa miguu kati ya maharage na migomba. Anastazi tulimkuta nyuma ya nyumba anachimba viazi, mtu mrefu, mifupa ya mabega inaonekana juu ya shati. Aliwahi kubeba mizigo Goma, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho. Alipomtambua Madamu akatabasamu, akajifuta mikono, akaingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa ndani ya plastiki.

"Ile karatasi yenu niko nayo," akasema. "Nilipeleka kanisani, pasta alisoma mbele ya watu wote. Nilikuwa najitenga, nalala kule jikoni. Mulisema niko muzima, nikarudi ndani na watoto wa binti yangu. Mungu asifiwe." Akakohoa, akageuza uso pembeni kwa heshima.

Spesiyoza aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili.

"Muzee, hii mukono iliandika hapa ni yangu," akasema. "Nilisoma mubaya. Tumekuja tukuchukue tukupime tena."

"Na mimi nilikiosha kioo chako," nikasema, "ndiyo maana tumechelewa kujua."

Hakuelewa habari za kioo, na hakuuliza. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, jembe bado mkononi. Kisha akaugeukia mlango wa nyumba akaita jina, na msichana mdogo wa miaka minne hivi akatoka, kamasi puani, blanketi limemzunguka shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Anastazi alimsukuma mbele yetu taratibu.

"Basi muanze na huyu," akasema. "Ndiye analala kwenye kifua changu."